Miwani ya kuendeshea Vespa na pikipiki: weusi wa lenzi uje mwisho

Hapa Zanzibar, mtu anayelala Mjini, magharibi ya Unguja, na kufanya kazi hotelini Paje au Jambiani, pwani ya mashariki, analikuta jua usoni mara mbili kwa siku. Asubuhi anaelekea mashariki nalo linachomoza mbele yake, jioni anarudi magharibi nalo linazama mbele yake vilevile. Anayelala Paje na kufanya kazi Mjini hupita njia hiyo hiyo, lakini yeye jua liko mgongoni asubuhi na jioni. Wa Nungwi naye, kwa kuwa njia yake ni ya kaskazini na kusini, jua humwingilia ubavuni, kwenye ule mwanya ulioko kati ya fremu na shavu. Ndiyo maana miwani inayomfaa mmoja inaweza kumtesa mwengine, na muuzaji wa Darajani anayekuuliza unapenda rangi gani bila ya kukuuliza unapita njia gani na saa ngapi bado hajakusaidia.

Miwani ya mpanda pikipiki ina kazi nne: kuzuia upepo na vumbi, kuzuia kitu kigumu kisilifikie jicho, kuzuia mionzi ya urujuanimno (UV), ile mionzi ya jua isiyoonekana, na kupunguza ukali wa mwanga. Tumezipanga hivyo makusudi. Wanunuzi wengi huanza na ya nne: wanajaribu mbele ya kioo, wanaridhika na weusi, wanalipa. Wakifika Tunguu machozi yanawatoka, wanadhani jua limewazidi, kumbe ni upepo unaopita chini ya fremu na kulikausha jicho.

Upepo kwanza

Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, chombo kinakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Mdudu au punje ya mchanga ikiingia jicho moja, macho yote mawili hufumba yenyewe, wala huwezi kuyazuia. Sekunde mbili za kufumba ni mita 33 bila ya kuona, na mita 33 zinatosha kabisa kuikuta daladala imesimama ghafla Fuoni kushusha abiria.

Miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, upepo wa pwani ya mashariki hubeba mchanga mwembamba na kuutandaza juu ya lami. Njia za ndani zilizomwagwa kifusi cha mawe ya matumbawe zina vumbi lao jeupe, ambalo huelea muda mrefu baada ya gari kupita. Vumbi hilo halikuingii kwa mbele tu. Upepo ukipiga lenzi bapa hugawanyika, huzunguka ukingo wa fremu na kujipinda kuingia nyuma yake, moja kwa moja kwenye pembe za macho. Kwa hiyo miwani bapa ya mtindo, hata ikiwa ya bei kubwa, haifai hapa. Inayotakiwa ni ile iliyopinda kufuata uso, ambayo ukiitazama kutoka juu lenzi zake zinarudi nyuma kuelekea kwenye masikio.

Dukani jaribu hivi. Vaa miwani, pitisha kidole cha shahada kati ya ukingo wa juu wa fremu na nyusi, kisha kati ya ukingo wa chini na shavu. Kidole kikipita bila ya kugusa pande zote mbili, mwanya ni mkubwa. Halafu pepesa macho mara kadhaa. Kope zikigusa lenzi, fremu imekaa karibu mno na lenzi itakuwa na mafuta na jasho muda wote. Kipimo cha pili ni feni. Maduka mengi yana feni ya mezani. Iwashe kwa spidi ya juu, simama nusu mita mbele yake, tazama mbele, kisha geuza kichwa polepole kulia na kushoto kama unayeangalia kabla ya kukata kona. Ukihisi ubaridi kwenye pembe ya jicho, upepo unaingia, na wa feni ni mdogo sana kuliko utakaoukuta njiani.

Kuna miwani yenye sponji ndani ya fremu, inayogusa uso pande zote. Kwa mwenye helmeti ya wazi, au mwenye Vespa asiyeteremsha kioo cha helmeti, hiyo ndiyo kinga bora ya upepo. Kasoro yake hapa kwetu ni joto. Hewa ya pwani imejaa unyevu, na jicho likifungiwa ndani ya sponji lenzi hupata ukungu chombo kikisimama tu. Tafuta yenye matundu madogo juu na chini ya fremu, na sponji inayoweza kuchomolewa. Ichomoe na uioshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi angalau mara moja kwa wiki, uianike kivulini. Isipooshwa, jasho hukauka ndani yake, ngozi ya chini ya macho ikaanza kuwasha na kutoka vipele, na mwishowe miwani nzuri inaachwa nyumbani.

Jambo la helmeti husahaulika mara nyingi. Nenda dukani na helmeti yako. Ivae kwanza, kisha penyeza miwani. Mikono ya miwani iwe myembamba na iliyonyooka. Ile inayojikunja nyuma ya sikio haipenyi chini ya sponji ya helmeti, na ukiilazimisha fremu hupinda. Kaa nayo kichwani robo saa huku ukizungumza na muuzaji. Maumivu juu ya masikio hayaji dakika ya kwanza. Yanakuja baadaye, na mtu asiyengoja dukani atayapata Mahonda huku safari ya Nungwi ingali mbele.

Angalia pia upana wa mikono pale inapoungana na fremu. Mikono mipana ina sura nzuri lakini inaziba kona ya jicho, yaani pale pale unapotakiwa kuiona Vespa nyengine inayokujia kwa ubavu kwenye mzunguko. Tazama mbele, mwambie mtu asimame nyuma ya bega lako asogee mbele taratibu huku amenyosha mkono. Fanya hivyo kwanza bila ya miwani, kisha nayo. Ukiuona mkono kwa kuchelewa wazi wazi, rudisha miwani hiyo.

Jiwe linalorushwa na gurudumu la lori

Lenzi za vioo hasa, zile nzito, usizipande nazo pikipiki. Zinaonesha vizuri na hazikwaruziki haraka, lakini zikipigwa zinavunjika vipande vyenye makali sentimita moja kutoka kwenye jicho. Zigongeshe kidogo kwenye jino: kioo ni baridi na kinalia, plastiki ni vuguvugu na inadunda. Ila plastiki nazo si sawa. Miwani nyingi ya rahisi ina lenzi za akriliki, ambazo hupasuka na kutoa ncha kali. Inayofaa ni polikaboneti, plastiki ile ile inayotumika kwenye vioo vya helmeti. Ikipigwa hubonyea au hutoboka badala ya kutawanyika. Ubaya wake ni ulaini: hukwaruzika upesi, kwa hiyo iwe na utando mgumu wa kinga juu yake.

Tafuta alama zilizochongwa kwenye lenzi au ndani ya mkono, siyo kibandiko cha karatasi. Z87+ ni alama ya kiwango cha Marekani cha miwani ya kazi iliyojaribiwa kwa kitu kinachokwenda kasi. Kiwango cha Ulaya cha EN 166 kinatumia herufi: S ni uimara wa kawaida ulioongezwa kidogo, na F maana yake lenzi imepigwa na gololi ya chuma ya milimita 6 kwa kasi ya mita 45 kwa sekunde, sawa na kilomita 162 kwa saa, ikastahimili. B na A ni za juu zaidi, lakini B ni ya miwani iliyoziba uso pande zote na A ni ya ngao ya uso mzima. Ukiona miwani ya kawaida ya mikono miwili imeandikwa A, alama hiyo haiaminiki.

Alama ya CE peke yake isikupumbaze. Hata inapokuwa ya kweli, kwenye miwani ya jua ya kawaida haina maana kwamba lenzi imejaribiwa kwa jiwe linalorushwa.

Fremu iwe ya plastiki inayonyumbuka. Ya chuma, na hasa ile yenye pedi ndogo za pua zilizoshikwa kwa waya, inaumiza sana uso ukipiga chini. Halafu chumvi ya bahari hula skrubu za bawaba zake. Baada ya masika moja mkono mmoja unaanza kulegea, na miwani iliyolegea hutikisika usoni ukipanda tuta.

Mionzi haizuiliwi na weusi

Hapa ndipo watu wanapopotea zaidi. Mionzi ya urujuanimno haionekani kwa jicho, na kuzuiwa kwake hakutegemei rangi ya lenzi. Plastiki nyeusi isiyo na kinga inaweza kukudhuru kuliko kutokuvaa kitu: giza linaifanya mboni ipanuke, na mionzi inaingia kwa wingi kupitia mlango uliofunguliwa. Upande wa pili, polikaboneti nyeupe kabisa, isiyo na rangi hata kidogo, inazuia karibu mionzi yote hiyo kwa asili yake.

Maandishi ya UV400 yana maana kwamba lenzi inazuia mawimbi yote mpaka nanomita 400, yaani sehemu yote ya urujuanimno. Kwa visiwa vilivyo nyuzi 5 na 6 tu kusini ya ikweta si jambo la hiari. Saa sita mchana siku isiyo na mawingu, kipimo cha mionzi hapa mara nyingi hufika 11 na kuendelea, ambayo ni ngazi ya juu kabisa. Mchanga mkavu wa pwani unarudisha karibu asilimia 15 ya mionzi hiyo usoni mwako, na povu la bahari karibu asilimia 25, kwa hiyo ukingo wa helmeti haukukingi na inayotoka chini. Wingu jembamba nalo huipitisha kwa wingi. Matokeo yake mtu huyaona baada ya miaka: kile kinyama chekundu kinachoota pembeni mwa jicho upande wa pua na kutambaa kuelekea kwenye mboni, kinachochochewa na jua na vumbi pamoja, na mtoto wa jicho anayewahi kuja.

Kipimo sahihi ni mashine ya duka la miwani linalopima macho. Unaweka lenzi, inasoma asilimia. Pasipo mashine, tumia tochi ya kukagulia noti. Mulika noti yenye alama zinazong'aa chini ya tochi hiyo, kisha weka lenzi kati ya tochi na noti. Mng'ao ukizimika, lenzi inazuia. Fahamu mipaka ya kipimo hiki: tochi nyingi za bei nafuu zinatoa pia mwanga wa zambarau unaoonekana, na huo utapita hata kwenye lenzi nzuri iliyo nyeupe, na lenzi nyeusi sana inaweza kuficha mng'ao kwa weusi wake tu. Kinakusaidia kugundua lenzi mbaya kabisa, hakitoshi kuithibitisha nzuri.

Kwa hiyo rai yetu kwa mwenye uwezo wa kununua miwani moja tu ni hii: nunua nyeupe, ya polikaboneti, yenye Z87+ au F, iliyopinda. Maduka ya vifaa vya ujenzi huuza miwani ya mafundi ya namna hiyo kwa bei ndogo kuliko miwani ya jua ya mtindo. Inakinga upepo, jiwe na mionzi, na unaivaa mchana na usiku. Makali ya mwanga utayapunguza kwa ukingo wa helmeti. Ya jua iwe ya pili, pesa ikipatikana.

Sasa weusi

Miwani ya jua iliyopimwa huandikwa daraja kuanzia 0 hadi 4. Daraja la 0 linapitisha asilimia 80 hadi 100 ya mwanga, la 1 ni 43 hadi 80, la 2 ni 18 hadi 43, la 3 ni 8 hadi 18, na la 4 ni 3 hadi 8. La nne halifai kuendeshea chombo chochote, saa yoyote. Muuzaji atakwambia daraja la 3 ndilo la jua kali, na kwa ufukweni ni kweli. Kwa njia zetu lina hatari yake.

Chukua njia ya Paje. Unatoka Tunguu kwenye jua kavu, lami inametameta, halafu unaingia msitu wa Jozani ambako miti imefunga juu ya barabara. Mboni iliyokuwa imejikunja kwa mwanga inahitaji sekunde kadhaa kufunguka. Ndani ya sekunde hizo, nyuma ya lenzi inayopitisha asilimia 10 tu, kivuli cha mti, shimo na tuta vina rangi moja. Matuta yale yamewekwa kwa sababu ya kima punju wanaovuka njia, na kima hangoji macho yako yazoee. Anayepita hapo kila siku avae daraja la 2, lile linalopitisha kama asilimia 25 au 30. Mwanga wa Paje utausikia kidogo, lakini Jozani utaiona njia. Na apunguze mwendo kabla ya kivuli, akiwa bado juani.

Pemba jambo hili ni zito zaidi, maana njia zinapanda na kushuka na miti iko karibu na lami takriban safari nzima. Kati ya Chake Chake na Wete jua na kivuli vinabadilishana kila mara, na msimu wa karafuu watu wameanika majamvi kandoni mwa njia, watoto wanayazunguka. Daraja la 3 pale halina kazi. Sisi tungesema hata la 1 linatosha kwa wengi.

Usisahau kuzidisha. Kioo cha helmeti cha rangi ya moshi kinachopitisha asilimia 50, ukiteremsha juu ya miwani inayopitisha 15, kinakuachia asilimia 7.5, nayo ni daraja la 4. Ukivaa miwani ya rangi, kioo cha helmeti kiwe cheupe. Na kikiwa na mikwaruzo, kibadilishe kabla ya kununua miwani yoyote, kwa sababu jua la saa kumi na mbili likipiga mikwaruzo hiyo linatawanyika na kuwa ukuta mweupe ambao hakuna lenzi ya nyuma yake inayoweza kuuondoa.

Kwa jua la chini kabisa la asubuhi na jioni, lenzi nyeusi inatia giza barabara nzima huku jua lenyewe likiendelea kuchoma. Linalosaidia ni kulificha. Helmeti yenye kingo ya mbele inafanya kazi hiyo vizuri. Isiyo nayo, bandika utepe mweusi juu ya kioo cha helmeti, ndani ya sentimita 2 au 3 za juu, kisha inamisha kidevu kidogo jua linapokuwa usawa wa macho. Hakikisha utepe haukuzuii kuona mbali ukikaa wima.

Rangi ya kijivu haibadilishi rangi za vitu. Ya kahawia inaongeza tofauti kati ya lami, mchanga na shimo, nayo ndiyo tunayoipendelea kwa njia za shamba. Buluu, zambarau na nyekundu ziache, zinaharibu rangi za taa za breki na za kuongozea magari. Lenzi iliyokoza juu na kufifia chini ni nzuri kwa mwenye kupenda kusoma spidi bila ya kuinamisha kichwa.

Lenzi ya polaraizi (polarized) ina mashabiki wengi, na sababu ipo: inakata mng'aro unaoruka kutoka juu ya bahari, boneti za magari na lami yenye maji. Lakini mpanda magurudumu mawili anauhitaji sehemu ya mng'aro huo. Dizeli iliyomwagika, tope jembamba na lami iliyolowa hujitangaza kwa kung'aa, na polaraizi inaifuta alama hiyo. Gari ikiteleza inayumba, pikipiki inaanguka. Aidha baadhi ya skrini za spidi za kidijitali na za simu huwa nyeusi ukizitazama kwa pembe fulani, na kioo cha helmeti huonekana kina mabaka ya rangi za upinde wa mvua. Msimamo wetu: miezi mikavu na njia za pwani, sawa, vaa, masika na vuli, weka kando. Kujua kama ni ya kweli, itazame skrini ya simu kupitia lenzi huku ukiizungusha miwani robo duara. Ikibadilika kuwa nyeusi, ni polaraizi.

Miwani inayobadilika rangi yenyewe hukoza kwa kupata urujuanimno. Nyuma ya kioo cha helmeti kilichoteremshwa, ambacho kimeshazuia mionzi hiyo, hubaki karibu nyeupe. Kwenye joto kali haikozi sana, na kurudi kuwa nyeupe huchukua dakika kadhaa, muda ambao Jozani umeshaimaliza. Ni nzuri kwa anayetembea kwa miguu.

Usiku ni nyeupe tu. Miwani ya njano inayouzwa kuwa ya kuendeshea usiku haiongezi mwanga, inapunguza. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 uliwapima madereva kwa kifaa cha kuigiza uendeshaji, taa za mbele zikiwamulika. Miwani ya njano haikuwasaidia kumuona mtu anayekwenda kwa miguu. Kwenye njia za shamba, ambako watu wanarudi msikitini baada ya Isha bila ya tochi, hilo ni jambo kubwa.

Ukungu, ushungi, na miwani ya daktari

Ukungu huja hewa yenye unyevu na joto ya pumzi inapogusa lenzi iliyopoa kwa mvua au upepo. Masika huwa kila siku. Osha lenzi kwa maji, tia tone moja la sabuni ya maji isiyo na losheni, lisambaze ndani kwa kidole, liache likauke, kisha ling'arishe kwa kitambaa laini mpaka uone wazi. Utando huo husaidia siku moja au mbili, ukirudia tena ni dakika tatu. Ukisimama kwenye foleni, sogeza miwani mbele kidogo kwenye pua, hewa ipite.

Kwa dada na mama wanaovaa ushungi, mikono ya miwani ikikaa juu ya kitambaa kinachoteleza, miwani hushuka kila tuta. Vaa kofia ya ndani ya pamba, penyeza mikono kati yake na ushungi, kisha helmeti. Au tumia mkanda wa mpira unaounganisha mikono nyuma ya kichwa. Mwenye nikabu ana shida moja zaidi: pumzi inapanda juu na kuingia moja kwa moja kwenye lenzi. Bana kitambaa kwenye mfupa wa pua kwa ukingo wa chini wa fremu, pumzi itoke chini. Abiria wa nyuma naye, hasa mtoto anayepelekwa skuli, ana macho yale yale na mara nyingi hana kinga yoyote.

Anayevaa miwani ya daktari asiiache nyumbani ili avae ya jua. Kuona vizuri kunatangulia. Ipo ya kuvaa juu, mipana na mirefu kiasi, lakini ijaribu ndani ya helmeti kwa sababu mikono minne kwenye masikio mawili hubana. Njia bora ni kuagiza lenzi za namba yako za polikaboneti. Mweleze fundi kuwa ni za pikipiki na kwamba fremu imepinda, maana namba kubwa kwenye fremu iliyopinda sana huleta picha iliyojikunja pembeni. Hata kwa lenzi isiyo na namba, kipimo cha kujikunja ni rahisi: ishike mbali na uso kwa urefu wa mkono, tazama kupitia kwake mstari wa mlango au wa vigae, isogeze juu na chini. Mstari ukitikisika kama ulio ndani ya maji, lenzi hiyo itakuumiza kichwa.

Kuitunza

Usifute lenzi kavu, kamwe. Upindo wa kanzu, ncha ya mtandio, fulana, vyote vinaburuza punje za mchanga juu ya plastiki laini. Mwagia maji matamu kwanza vumbi liondoke, osha kwa sabuni kidogo na vidole, suuza, kausha kwa kitambaa laini cha miwani. Petroli, asetoni na dawa za kusafishia vioo vya madirisha huipasua polikaboneti nyufa ndogo zisizoonekana mwanzoni. Lenzi inayoonekana nzima inaweza kuvunjika kwa pigo dogo. Dawa ya meno inayosemwa inaondoa mikwaruzo inaondoa pia utando wa kinga. Usiiache juu ya kiti juani wala ndani ya boksi la Vespa mchana kutwa, joto hupinda fremu na kupasua ule utando wa juu ya lenzi.

Mkwaruzo wa pembeni unavumilika. Ulio mbele ya mboni, au ufa wowote hata wa ukubwa wa unywele, au lenzi iliyokwisha kupigwa na jiwe mara moja, ni ya kubadilisha hata kama inaonekana nzima.

Na kitu kikiingia jichoni licha ya kinga zote, simama pembeni, usisugue. Mwagia maji safi ya kunywa kutoka upande wa pua kwenda nje, huku umelifungua jicho kwa vidole na unapepesa. Vumbi hutoka. Kama bado kuna kuchoma baada ya hapo, au unaona ukungu, au kilichoingia kilikuwa kipande cha chuma au kimerushwa kwa kasi, lifunike jicho bila ya kulikandamiza na mtu mwengine akupeleke hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali ya Mnazi Mmoja, Mjini, ina kliniki ya macho.